Skrini Pana, Gemu za Zamani: Ukurasa Usioandikwa wa Old Kampala

Kilima cha Old Kampala ndicho kilichoupa mji wetu jina, na kila mwanafunzi wa historia anajua kwa nini kinatajwa vitabuni. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alikipanda akajenga ngome ya kampuni ya Waingereza, na kutoka hapo mji ukaanza kutambaa kuelekea Nakasero. Insha hii inahusu jambo la juzijuzi kwenye kilima hichohicho: kompyuta zilizotumika, gemu zilizochezwa juu yake, na ufundi mdogo wa kubadili rezolusheni ya skrini ili gemu hizo zionekane zilivyokusudiwa. Hoja yangu ni kwamba ufundi huo ni sehemu ya kazi ya mwanahistoria, maana chanzo kilichopotoshwa umbo hutoa ushahidi uliopotoshwa.

Kwanza tuangalie gemu hizo zilitufikiaje. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ya Kampala ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Gemu hazikupakuliwa, zilisafiri kwa CD, kutoka mkono hadi mkono. Kompyuta zenyewe nyingi zilikuwa mitumba kutoka ng'ambo. Katika bajeti ya 2009/10 serikali ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, lakini zilizokwisha kuingia ziliendelea kufanya kazi madukani na majumbani kwa miaka mingi.

Baadhi yake zimebaki katika duka moja chini kidogo ya msikiti mkuu, ambako nilifanya kazi wakati wa likizo. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Haji, alikuwa na mashine nane na kasha la CD alilotaka kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu wa Katwe.

"Haji, hizi CD bado zinasoma?" nilimuuliza.

"Zinasoma, mwanangu. Lakini vijana wa leo wakiona picha wanacheka. Wanasema ni mbaya."

Picha haikuwa mbaya, ilikuwa imevutwa. Gemu ya StarCraft ya mwaka 1998 ilichorwa kwa pikseli 640 kwa 480 na rangi 256, yaani kwa skrini yenye uwiano wa 4 kwa 3. Monita za chogo za wakati ule hazikuwa na idadi moja ya pikseli iliyofungwa kwenye kioo, hivyo zilipokea rezolusheni mbalimbali bila taabu. Skrini bapa ni tofauti: pikseli zake zimehesabiwa kiwandani. Ile ya Haji ina 1366 kwa 768. Picha ya zamani ikitandazwa juu yake, upana unakua zaidi ya mara mbili, ilhali urefu haufiki mara mbili. Duara linakuwa yai, na askari mwembamba anakuwa mnene.

Tatizo la kubadili rezolusheni haraka lina historia yake. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, programu nyingi za masomo na gemu ndogo zilimtaka mtumiaji aweke mwenyewe 640 kwa 480 na rangi 256 kabla ya kuzifungua. Microsoft ikatoa kiprogramu kiitwacho QuickRes kilichokaa karibu na saa, pembeni mwa skrini. Ukibonyeza unachagua ukubwa, basi. Windows XP ya mwaka 2001 iliweka chaguo hilo ndani ya sifa za kila programu. Dukani sisi tulitumia QRes, programu ndogo inayopokea amri za maandishi. Kwa kila gemu tuliandika faili la mistari mitatu: wa kwanza unaweka 640 kwa 480, wa pili unafungua gemu na kusubiri ifungwe, wa tatu unarudisha 1366 kwa 768. Kisha katika mipangilio ya kadi ya picha tukachagua uwiano wa picha usibadilike, mikanda myeusi ibaki kushoto na kulia.

Picha iliponyooka, swali la kihistoria ndipo lilipoanza. Age of Empires ya mwaka 1997 ilimruhusu mchezaji kuchagua 640 kwa 480, 800 kwa 600 au 1024 kwa 768. Tofauti haikuwa urembo. Mwenye rezolusheni kubwa aliona eneo kubwa zaidi la ramani, akamwona adui mapema. Haji alinieleza kwamba vijana wa zamani waligombania kiti kimoja, chenye monita kubwa kuliko zote, na aliyekuwa na pesa kidogo alikaa kwenye mashine ya mwisho karibu na mlango. Jambo hili huwezi kulijua kwa kusoma jalada la CD. Unalijua ukiicheza gemu katika ukubwa wake, mara ndogo mara kubwa, ukapima mwenyewe jinsi uwezo wa mfukoni ulivyogeuka kuwa uwezo wa kuona.

Wapo watakaosema hakuna haja ya taabu hii, kwa kuwa gemu hizo zimetengenezwa upya: StarCraft mwaka 2017 na Age of Empires mwaka 2018. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Matoleo hayo ni mazuri, lakini kilima chetu kinatufundisha kitu. Ngome ya Lugard iliondolewa kupisha msikiti, na mfano wake ukajengwa pembeni. Mgeni akiutazama anapata picha ya ngome, ila hawezi kusimama pale mlinzi aliposimama akaona alichokiona. Toleo jipya la gemu nalo linampa kila mchezaji skrini pana na kumsahaulisha kwamba zamani wengine waliona kidogo.

Napendekeza basi tufanye kazi mbili kabla mashine za namna hii hazijayeyushwa. Ya kwanza ni kuandika, kwa kila gemu, rezolusheni yake, idadi ya rangi, na faili la amri linaloiweka sawa. Ya pili ni kuwahoji waliozicheza, wengi wao wakiwa sasa wazazi, kuhusu nani alikaa wapi, alilipa nini na aliona nini. Haji amekubali kutuachia mashine mbili na kasha lote la CD. Sita zilizobaki zimeshapata mnunuzi.