Kodi ya Nyumba na Kipimo cha Haki

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yetu: rupia 3 kwa kila kibanda cha shamba. Aliyekosa fedha alilipa kwa jasho lake.

Katika sehemu za Mara kama Busawe, desturi ilimpa kila mke nyumba yake. Hivyo kipimo hicho kiliudai mji mmoja mara nyingi, ilhali ng'ombe, ambao ndio utajiri wenyewe, hawakuhesabiwa. Kibanda cha fukara kilidaiwa sawa na cha mwenye zizi lililojaa.

Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipounganishwa na luku, nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe duka au makao ya mjane. Historia yatufunza kwamba kuhesabu nyumba ni rahisi. Haki imo katika kuzithamini.