Darubini Isiyo na Lenzi

Usiku, taa za mikahawa ya nyama choma iliyojipanga kando ya Eastern Bypass pale Kamakis hung'arisha anga ya Ruiru kiasi kwamba mwenye darubini huambulia Mwezi, sayari kama Mshtarii na nyota kali tu. Tiba yake yajulikana: panda gari ulitafute giza la Marsabit. Ipo nuru, hata hivyo, isiyofika Kamakis wala Marsabit. Macho yetu hupokea mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, kutoka urujuani hadi nyekundu. Marefu kuliko hayo ni infraredi na redio. Mafupi ni urujuanimno, eksirei na gama. Yote ni ukoo mmoja na huenda kwa kasi ile ile, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ila angahewa huyabagua. Redio hupenya, eksirei humezwa huko juu. Anayezitaka eksirei za nyota sharti apandishe chombo nje ya hewa, na hapo ndipo swali la istilahi linapozuka: chombo hicho nacho ni darubini?

Mfano tunao nyumbani. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa falaki ya eksirei. Malindi haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake: karibu na ikweta mzunguko wa dunia humwongezea kasi arushaye roketi kuelekea mashariki, na njia ya juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo. Ndani ya Uhuru hamkuwa na lenzi wala kioo cha kukusanyia nuru. Mlikuwa na visanduku vya gesi vilivyotoa ishara ya umeme kila eksirei ilipoingia, na mbele yake vijia vyembamba vya metali vilivyoziba pembeni, kama mtu anayechungulia kupitia mwanzi. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikilifagia anga. Kazi hiyo ilizaa orodha ya vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilipepesa ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu hakiwezi kupepesa chote upesi kuliko nuru inavyokivuka, hivyo chanzo kilikuwa kidogo mno. Uzito wake, uliokadiriwa kutokana na nyota inayozungukana nacho, ukawafanya wataalamu waanze kukiita shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wapo watakaosema kwamba kisicho na lenzi ni kigunduzi tu, si darubini. Pingamizi hili lina uzito wa fundi, maana vijia vya metali kweli havikuzi picha. Lakini neno lenyewe halijataja lenzi. Asili yake ni Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona, na Uhuru iliona mbali: ilitambua nuru inatoka upande gani, ina nguvu kiasi gani, inabadilikaje. Wengine hupendekeza teleskopu, eti ni ya kimataifa. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1611 kwa Kigiriki, nalo pia maana yake ni kuona mbali. Tukilichukua tutakuwa tumebadilisha sauti pekee. Hoja ya utata ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa darubini ni pia ile ya macho mawili inayobebwa na watalii mbugani. Hata hivyo kwa vitu vidogo lugha ilishajitengea hadubini, na kivumishi humaliza kilichobaki. Basi wahariri wa vitabu vya shule na watangazaji waandike darubini ya redio, darubini ya infraredi na darubini ya eksirei, na Uhuru ya Malindi iwe mfano wa kwanza kutajwa darasani.