Nyumba ya Mama, Chumba cha Binti: Historia ya Kujenga na Kupanga Dar es Salaam



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza tulivyoanza, hisa zilivyokua na mikopo ilivyorudishwa. Kurasa hizi tumezitenga kwa jambo ambalo hujitokeza kila mwaka tukifika kwenye "mengineyo", na mara nyingi hutuacha tumenuniana. Jambo lenyewe ni nyumba. Mama wa miaka 70 husema, "Watoto wa siku hizi hawana nia. Sisi tulijenga kwa mshahara wa kima cha chini na vitumbua." Binti wa miaka 30 hujibu kwa heshima, lakini kwa uchungu, "Mama, nyie kiwanja mlipewa. Mimi nalipa kodi, nauli na ada ya mtoto. Hiyo nia nitaijenga juu ya kiwanja gani?"

Kila mmoja anasema kweli ya zama zake. Ili tusikilizane, hatuna budi kuangalia nyuma, tuone mama alipita njia gani na njia hiyo imeishia wapi.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Wakati wa Waingereza mji wetu uligawanywa katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, kule Oysterbay. Ya pili ilikuwa ya biashara, walikoishi Wahindi wengi. Ya tatu ilikuwa ya Waafrika, yaani Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili kuwatenga. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilijenga kota za kupangisha Ilala, Temeke na Magomeni. Hata hivyo, walio wengi walijijengea wenyewe.

Walichojenga tunakifahamu sote, ni nyumba ya Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma kuna ua, jiko na choo, na mbele kuna baraza. Ilianza kwa miti, udongo na makuti, baadaye bati, kisha tofali za saruji. Uzuri wa nyumba hii ni kwamba haikudai pesa zote kwa mpigo. Mtu aliezeka vyumba viwili, akahamia, akapangisha kimoja, na kodi ya kile kimoja ikanunua miti ya kingine. Wanawake nao walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Mjane au mwanamke aliyeachika, mwenye biashara yake ya mapishi au ya pombe, aliweza kusimamisha nyumba na kuishi kwa kodi bila kumpigia mtu magoti.

UHURU NA MRADI WA VIWANJA

Baada ya Uhuru serikali ilichukua hatua kubwa. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za saruji mahali pale pale. Kazi hiyo ilikuwa ghali, tena haikuongeza sana idadi ya vyumba, kwa sababu kila iliyojengwa ilitanguliwa na iliyobomolewa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ikaachwa.

Mwaka 1963 umiliki binafsi wa moja kwa moja wa ardhi ulifutwa. Ardhi yote ikawa ya umma, na mwananchi akapewa haki ya kuitumia kwa muda wa miaka kadhaa. Hapa ndipo penye mzizi wa mambo mengi. Kisheria ardhi tupu haikuwa na bei. Mtu aliuza au alifidiwa kile alichokiendeleza juu yake, kama nyumba na minazi. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Kwa sheria ya mwaka 1972 ikaundwa Benki ya Nyumba Tanzania, iliyojulikana kwa kifupi kama THB, ili mfanyakazi aweze kukopa na kujenga.

Kisha kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja mradi wa viwanja. Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji, halafu mwananchi akajenga mwenyewe. Ndivyo zilivyozaliwa Sinza, Kijitonyama na sehemu za Mikocheni. Viwanja vingi vilikuwa vidogo, mita 12 kwa 24, lakini vilitosha nyumba ya vyumba sita na ua wake. Hali kadhalika, mitaa iliyokuwa imejijenga yenyewe, kama Manzese, Mtoni na Tandika, haikubomolewa bali iliboreshwa. Ni kweli kwamba viwanja vingi vya mradi viliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati, wala akina mama wengi wa kikundi hiki hawakugawiwa kitu. Wao walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji pembezoni mwa mji. Lakini pembezoni wakati huo ilikuwa karibu, na bei ilikuwa ya migomba na minazi iliyopo.

Tukumbuke pia ukubwa wa mji. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 272,000 Dar es Salaam. Ya mwaka 1978 ilihesabu 843,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mama alijenga katika mji ambao bado ulikuwa unamwita mtu aje. Binti yake anatafuta nafasi katika mji uliokwisha kujaa.

NJIA ILIVYOZIBA

Miaka ya 1980 uchumi ulidorora. Saruji na bati viliadimika, na shilingi ikapoteza nguvu. Benki ya Nyumba ikaelemewa na mikopo isiyolipwa, ikafungwa mwaka 1995. Mwaka huo huo ilitolewa Sera ya Taifa ya Ardhi, na mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Sheria hizi zilikubali wazi kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata kama haina kitu juu yake.

Hapo tutulie kidogo. Kipande alichokinunua mama mwaka 1976 kwa bei ya minazi, leo kina bei ya ardhi, tena ya ardhi ya mjini. Thamani hiyo haikutokana na tofali zake peke yake. Ilitokana na watu kuongezeka, barabara kufika, na sheria kubadilika. Si kosa la mama, jasho lake lipo. Lakini kila shilingi iliyopanda kwenye kiwanja cha mama ni shilingi ambayo binti anatakiwa kuitafuta kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Serikali imejaribu tena mara kadhaa. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju, Mbweni, Tuangoma na Buyuni. Vilipimwa vizuri, lakini viliuzwa kwa bei ya kurudisha gharama, na wauza genge na mama lishe wengi waliviona kwa macho tu. Mwaka 2008 zilipitishwa sheria mbili, moja ya mikopo ya nyumba na nyingine ya kumiliki sehemu ya jengo la ghorofa. Mwaka 2022 zilizinduliwa nyumba za kaya 644 Magomeni Kota, baada ya wakazi wa zamani kusubiri miaka mingi tangu kota zao zibomolewe.

Na benki je? Zinakopesha, lakini tupige hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, unadai marejesho ya kama shilingi 700,000 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa kama milioni 126. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi, sembuse muuza mitumba asiye na hati ya mshahara. Ndiyo maana binti zetu nao wanajenga kidogo kidogo kama mama zao, ila wanajengea Chanika, Kivule, Chamazi au ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Mkuranga na Kibaha. Nauli na saa za barabarani nazo ni sehemu ya bei ya nyumba.

JINA LA NANI LIMO KWENYE KARATASI?

Katika jambo moja binti wa leo ana nafuu kuliko mama, nalo ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanamume, na kwamba mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yale yale.

Lakini sheria haisomi moyo, inasoma karatasi. Wapo akina mama waliobeba maji ya kufyatulia tofali, na hati ikatoka kwa jina la baba peke yake. Baba alipofariki, ndugu wakaja na daftari. Wapo pia mabinti wanaotoa pesa za kiwanja kwa siri ya mapenzi, na mkataba wa mauziano unaandikwa jina la mwenzake. Elimu hii ingetosha kulipia ada ya kikundi kwa miaka yote kumi.

KODI YA MIEZI SITA

Sasa tuseme lile ambalo huwa hatulisemi kikaoni. Mama wenye nyumba na mabinti wapangaji ni wanachama wa kikundi kimoja. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na mwenye nguvu katika mapatano ni mwenye funguo. Desturi imekuwa kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Mama ana sababu yake. Hakuajiriwa mahali penye pensheni, kwa hiyo vile vyumba vitatu anavyopangisha ndiyo pensheni. Akipewa kidogo kidogo, pesa inaishia sokoni. Binti naye ana sababu yake. Kila miezi sita anakausha akiba yote, hakuna hisa atakayonunua, na anakopa kikundini ili alipe kodi badala ya kukopa anunue kiwanja. Mkopo wa kodi hauachi kitu nyuma yake. Kwa hiyo akiba ambayo ingemwondoa binti kwenye kupanga ndiyo hiyo hiyo inayoingia mkononi mwa mama kwa mkupuo. Hapa hakuna mvivu wala mchoyo. Kuna vizazi viwili vinavyoishi kwa chumba kile kile, mmoja akiwa ndani na mwingine akiwa na funguo.

TUNAYOPENDEKEZA

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai. Kwa hiyo kamati inaomba mambo manne yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, mama mwenye nyumba aliye mwanachama akubali kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja, au mitatu, kutoka kwa mpangaji aliye mwanachama, na kikundi kiwe mdhamini. Mpangaji akichelewa, mfuko umlipe mama kwa wakati, halafu kikundi kimdai mwenzetu.

Pili, tuanzishe mkopo wa chumba cha kwanza wenye muda mrefu kuliko mikopo ya biashara. Usiwe mkopo wa nyumba nzima. Uwe wa msingi, chumba kimoja, choo na bati, jinsi nyumba ya Kiswahili ilivyoanza. Anayehamia kwenye chumba chake ameacha kulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo itakayorudisha mkopo.

Tatu, mkopo wa kiwanja usitolewe mpaka wajumbe wawili wafike eneo lenyewe pamoja na mkopaji, waulize majirani na serikali ya mtaa, na wathibitishe ofisi ya ardhi kwamba si hifadhi ya barabara wala eneo lenye mgogoro. Jina la mkopaji liwemo kwenye mkataba, peke yake au pamoja na mwenziwe.

Nne, mama mwenye nyumba aitishe watoto wake angali mzima, wa kiume na wa kike, waelewane kuhusu nyumba hiyo na kuandika. Kariakoo nyumba nyingi za vyumba sita zimegeuka maghorofa, na baadhi ya familia zimegawana pesa zilizokwisha kabla ya mwaka. Nyumba moja kwa watoto wanane ni ugomvi ikiachwa bila neno. Ikipangwa mapema inaweza kuwa paa la binti aliye bado kwenye chumba cha kupanga.

Mama alijenga kwa sababu alikuwa na bidii na kwa sababu njia ilikuwepo. Binti ana bidii ile ile. Njia hatuwezi kuirudisha yote, maana bei ya ardhi na riba ya benki si za kikundi kuamua. Lakini namna tunavyopangishana na tunavyokopeshana iko mikononi mwetu, na daftari la miaka kumi ijayo bado ni jeupe. Tufike mkutanoni wote, wenye funguo na wenye kupanga.

Wenu katika maendeleo,
Kamati ya Kijitabu