Hadithi ya Upelelezi Tuliyoisoma Gazetini

Rafiki zangu hunicheka. Jumapili soko la Kibuye hufurika mitumba ya kila namna, lakini mimi sisimami kwenye mashati. Naenda moja kwa moja kwa wale wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini juu ya turubai, nachutama, natafuta vitu viwili tu: hadithi za kutisha na hadithi za upelelezi. Mmoja wao aliniambia juzi, "Wewe mtu wa Kisumu, mambo ya kutisha uliyoyaona hayakutoshi, ati mpaka ukayanunue?"

Ulikuwa mzaha, lakini swali limenikaa. Nimejaribu kulijibu kwa kurudi nyuma, kwenye vitabu nilivyovisoma na kwenye mwaka mmoja ambao haujaniacha.

Sisi tuliolelewa kando ya ziwa hatukungoja vitabu vitufundishe hofu. Pale Kaloleni, usiku, kila kishindo juu ya mabati kilikuwa na maelezo yake: ni jajuok, mkimbiaji wa usiku, yule anayevua nguo gizani, anarusha mchanga juu ya paa na kuja kusugua mgongo wake mlangoni pako. Mgeni akisikia hucheka. Hata sisi tulicheka, ila ilikuwa asubuhi, jua likishatoka. Maana jajuok haishi msituni wala pangoni. Ana jina, ana boma, ana watoto mnaosoma nao darasa moja, na mchana mama yako humwazima chumvi. Likizoni, tukienda upande wa Kendu Bay, tulionyeshwa Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la mviringo, tukaambiwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Watu walikuwa kwenye sherehe ya pombe, akaja bibi kizee kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Usiku ule maji yakapanda yakawameza waliobaki. Wanajiolojia wanasema ile ni kasoko ya volkano, na mimi sina ugomvi nao. Lakini sikutoka pale nikiogopa maji. Nilitoka nikiwaza mtu tuliyemfungia mlango.

Ndiyo maana nilipofika kidato cha pili na kukutana na Grace Ogot kwenye maktaba ya shule, nilihisi kama mtu aliyekuwa akisikiliza mlangoni kwetu. Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, akasomea uuguzi, na mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatolewa na East African Publishing House ya Nairobi. Walimu wetu waliisifu kama riwaya ya uhamaji na ndoa. Sawa. Lakini isome usiku, taa ikiwa moja. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, wanafanikiwa, halafu jirani mganga anashikwa na wivu, na mwili wa Ochola unaanza kuota vitu kama miiba. Hospitali haina jibu. Hiyo ni hadithi ya kutisha kutoka kichwani hadi miguuni, na sielewi kwa nini tunaona haya kuiita hivyo.

Miaka miwili baadaye ukatoka mkusanyiko wake wa hadithi fupi, Land Without Thunder, na ndani yake mna "Tekayo". Nimesoma vitabu vya wageni vyenye damu ya kujaza ndoo, lakini hakuna kilichonifanya nifunge kitabu na kukiweka mbali na kitanda kama hadithi hii. Mzee mchungaji anaonja kipande cha ini ambacho hajui kimetoka kwa mnyama gani. Ni kitamu kuliko chochote alichowahi kula. Anaanza kuua wanyama mmoja baada ya mwingine akiitafuta ladha ile, na haipati, mpaka siku anapoitazama nyumba yake mwenyewe, imejaa wajukuu. Ogot hapigi kelele hata mara moja. Anaandika kama muuguzi anayejaza kadi ya mgonjwa.

Nilipenda sana hofu ya namna hii, na bado naipenda. Ila kuna jambo ambalo utotoni sikulijua, na sasa siwezi kujifanya silijui. Mei 2008, huko Kisii, safari isiyo ndefu kutoka kwetu, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kudaiwa kuwa wachawi. Ile ile hadithi ya jirani mwenye uso wa mchana na uso wa usiku, ila safari hii wasikilizaji hawakwenda kulala. Tangu wakati huo nikisoma hadithi ya mchawi najikuta nauliza swali ambalo hadithi za kutisha hazipendi kuulizwa: ushahidi uko wapi?

Swali hilo nilifundishwa na mtu wa Zanzibar ambaye hakuwahi kuwepo. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wenye akili zao hawapiti. Kila mtu ana jibu tayari: ni mizimu. Kisha anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum akimfuata nyuma, anaanza kuuliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Ndiyo, amefanana na Sherlock Holmes mpaka kwenye moshi. Haidhuru. Kwangu mimi mtoto wa mabati yanayogongwa usiku, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Kumbe mzimu unaweza kuhojiwa! Nilikisoma chini ya dawati wakati wa hesabu, nikavuliwa, nikachapwa, nikakimalizia nyumbani. Baada yake nikawasoma Watanzania wengine waliovuka mpaka kwa basi na kwa mikono ya watu: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo yake ya 1965, halafu Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, mtu wa ngumi na suti nzuri ambaye kazi yake ilikuwa kuwamaliza makaburu na vibaraka wao. Gamba hakunifundisha chochote, lakini alinifurahisha, na hiyo nayo ni kazi.

Hapo ndipo nilipokuwa, mtoto wa miaka 12 aliyejaa wapelelezi kichwani, ilipofika Februari 1990.

Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, mtu wetu, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13. Tarehe 16 ikatangazwa kwamba mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, kilomita chache tu kutoka nyumbani, umeungua. Kando yake palikuwa na bastola, jerikeni na tochi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilielekea kusema kwamba alijiua. Mtu ajipige risasi kisha ajichome, au ajichome kisha ajipige risasi? Hata sisi watoto tuliuliza. Kisumu ikawaka. Mawe, moshi wa machozi, maduka ya Oginga Odinga Street yamefungwa, akina mama wanalia barabarani. Baba alitufungia ndani siku mbili.

Na mimi nifanye nini huko ndani? Nilisoma. Baba alinunua gazeti kila siku, na nikalisoma kama nilivyomsoma Bwana Msa. Kabla mwezi haujaisha, mpelelezi alikuwa ameletwa kutoka Scotland Yard yenyewe, John Troon, na sikuweza kuamini bahati yangu: Scotland Yard, Koru! Nilichora ramani ya nyumba na kilima kwenye daftari la sayansi. Niliandika orodha ya watu na saa. Mfanyakazi wa nyumbani alisema aliona gari jeupe usiku ule. Mchungaji mdogo aliuona mwili siku zile zile za mwanzo, kabla ya tangazo. Kila asubuhi ilikuwa sura mpya, na niliamka mapema kumsubiri muuza magazeti.

Niseme ukweli: nilifurahia. Nilikuwa na huzuni kama kila mtu, na chini ya huzuni kulikuwa na ule mwasho wa kutaka kugeuza ukurasa. Siku moja Baba alikuta daftari langu. Alilitazama kwa muda mrefu. Hakunipiga. Alisema tu, "Huyu ni mtu. Ana watoto. Si hadithi," akalichana ule ukurasa wa ramani, akaondoka nao.

Troon alimaliza ripoti yake mwaka huo huo, na akaona wazi kwamba yalikuwa mauaji. Oktoba 1990 Rais Moi akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evan Gicheru, na watu wa Kisumu wakaifuata tume ile kama wanavyofuata mechi za Gor Mahia, kwenye redio, kwenye vinyozi, ndani ya matatu. Novemba 1991, muda mfupi baada ya Troon kutoa ushahidi wake, rais huyo huyo akaivunja, kabla haijaandika hitimisho. Jonah Anguka, aliyekuwa DC wa Nakuru, akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ya kwanza ikakatika kwa sababu jaji alifariki, ya pili ikamwachilia huru mwaka 1994, na yeye mwenyewe baadaye akaandika kitabu. Mwaka 2003 kamati teule ya Bunge chini ya Gor Sunguh ikaanza upya. Hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la rafiki yangu wa Kibuye, au sehemu yake. Kuna wasomaji wanaoipenda riwaya ya upelelezi kwa sababu maisha yao yametulia, wanataka msisimko kidogo kabla ya kulala. Sisi tuliisoma kwa kiu nyingine. Ndani ya kitabu kuna mtu anayekaa na mashahidi hadi mwisho, na hakuna anayekuja katikati ya sura ya ishirini kusema shughuli imefungwa, nendeni nyumbani. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma The Risks of Knowledge, ya David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo, iliyotoka 2004. Ni kitabu cha wanahistoria wawili juu ya uchunguzi wa kifo cha Ouko, na hakimtaji muuaji. Wanachofuatilia ni jinsi kila ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyosemwa na ulivyofukiwa. Nilikisoma usiku mbili bila kukiacha. Ni kitabu cha kitaaluma, kina tanbihi kila ukurasa, na nikikutana na mtu anayesema ni kizito namwambia ajaribu kukisoma akiwa amezaliwa hapa.

Riwaya mpya nazo zinanipa raha ya namna nyingine. Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, ya 2009, inamleta mpelelezi mweusi kutoka Marekani, Ishmael, afuate maiti moja mpaka Nairobi. Ni mbio tupu, na naipenda kwa mbio zake. Den of Inequities ya Kinyanjui Kombani inanikereketa zaidi, kwa kuwa pale polisi wanaoua si siri ya kufichuliwa mwishoni, ni hali ya hewa. Halafu Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor. Inaanza na kijana anayepigwa risasi Nairobi kwenye fujo za uchaguzi wa 2007, na nyuma yake kuna Julai 1969, siku Tom Mboya alipouawa. Jina la familia ni Oganda. Mtu wa ziwani hawezi kulipita jina hilo bila kumkumbuka yule msichana wa Ogot katika "The Rain Came", Oganda binti wa chifu, anayepelekwa kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe. Kama Owuor alikusudia, sijui, na sihitaji kujua. Mimi niliposoma, nywele zilinisimama. Na mwaka 2022 Okwiri Oduor akatupa Things They Lost, ambamo mizuka inazunguka nyumba ya msichana Ayosa kama kuku wa jirani, na kinachoogopesha kuliko mizuka ni mama yake mwenyewe anayeondoka na kurudi apendavyo. Tumerudi tena nyumbani, kwenye mlango ule ule.

Waandishi hawa hawanipi ile sura ya mwisho ya Bwana Msa, ya kuwaketisha wote sebuleni na kunyoosha kidole. Zamani ningewadai pesa yangu. Sasa naona ni watu waliokua na magazeti kama yangu.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake, juu ya kabati tulikuta katoni ya sabuni, na ndani magazeti ya 1990 na 1991 yamepangwa kwa tarehe. Alikuwa ameyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake wa kikarani. Saa zimezungushiwa duara. Majina yameunganishwa kwa mishale. Kando ya habari ya gari jeupe ameandika: "Nani mwingine aliliona?" Na katikati ya gazeti moja, limekunjwa mara nne, kulikuwa na ukurasa wa daftari la sayansi wenye ramani ya nyumba na kilima, nami nilikuwa nimekosea mahali pa barabara. Alikuwa ameisahihisha.