Kibuyu Kinaweza Kuwa Kitabu

Kila Oktoba simu zetu hujaa maboga ya Marekani yaliyochongwa macho na meno, na kila Oktoba mtu analalamika ati wanaharibu chakula. Sawa. Shida yangu mimi na boga ni nyingine: linaoza. Chonga leo, ngoja wiki moja hivi, limenyauka na kuota ukungu. Hata uwe fundi namna gani, kazi yako inaishia jalalani.

Sasa kuja kwa ndugu yake, kibuyu. Hiki kikikauka ganda huwa gumu kama mbao, na mchoro unakaa. Unakaa kiasi gani? Huko Huaca Prieta, pwani ya kaskazini ya Peru, mwanaakiolojia Junius Bird alianza kuchimba mwaka 1946, akapata kaburini vibuyu viwili vidogo vilivyochongwa sura. Vina zaidi ya miaka 4,000.

Na Peru bado wanachonga. Huko milimani karibu na Huancayo kuna vijiji viwili, Cochas Grande na Cochas Chico, vinavyojulikana kwa kazi hii. Fundi huchora kwanza kwa penseli, kisha anashika kichuma chembamba chenye ncha kali, mpini umekaa kiganjani. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unazungusha kibuyu. Siri ni kutotoboa. Anakwangua ngozi ya juu tu, na mstari unatokea mweupe kwa sababu ndani ya ganda ni kweupe. Vivuli anatia kwa kijiti chenye kaa la moto, huku akilipuliza. Likipita haraka linaacha rangi ya kahawia, likikawia panakuwa peusi. Mtindo wa Huanta ni tofauti: unapaka mafuta yenye majivu ya nyasi, unafuta, weusi unabaki kwenye mikwaruzo.

Wanachora nini? Mavuno, harusi, ngoma, hata vita vya Peru na Chile vilivyoanza 1879. Watu wadogo kama punje za mchele wamezunguka kibuyu kizima. Mimi niliacha chuo, na nimeambiwa mara nyingi historia ni ya wenye digrii. Basi hawa mafundi tuwaiteje?

Halafu shika hii: mmea wenyewe asili yake ni Afrika. Utafiti wa DNA uliotoka 2014 ulionyesha vibuyu vya kale vya Amerika ni vya ukoo wa Afrika, na yaelekea vilielea vyenyewe kuvuka Atlantiki. Yaani kitu kilitoka huku kwetu, kikafika kule, kikawa kitabu.

Na si ati huku hatukuchora. Wakamba wamechora vibuyu vyao tangu zamani, mistari na wanyama. Lakini siku hizi kibuyu cha aina hiyo tunakiita pambo la mtalii, tunapatana bei, tunafunga na gazeti. Kama kwa shosho yako kimebaki kimoja ukutani, washa kamera umuulize nani alikichora, na ule mstari wa juu ni wa nini.