Jicho la Ndani: Fikra za Kihindu na za Kiyoruba katika Darasa la Sanaa

Mwaka 1896 Mwingereza aliyeitwa Ernest Havell aliwasili Calcutta kuwa mkuu wa Chuo cha Sanaa cha Serikali. Aliwakuta vijana wa Kibengali wameketi mbele ya sanamu za plasta, nakala za miungu na mashujaa wa Ugiriki na Roma, wakizichora siku baada ya siku mpaka kivuli cha kila pua kikae mahali pake. Havell aliona huo ni upotevu wa akili. Aliziondoa sanamu zile, akaziuza picha za Ulaya zilizokuwa katika jumba la maonyesho la chuo, na mahali pake akaweka picha za kale za India. Ungetarajia wanafunzi wamshangilie. Wapi! Walilalamika, magazeti ya Calcutta yakamshambulia, na baadhi ya wanafunzi wakakihama chuo. Walihisi wanapunjwa: mtawala anawanyima elimu ile ile anayojivunia yeye.

Miongo michache baadaye kisa kinachofanana na hicho kilitokea Lagos. Aina Onabolu, Myoruba aliyekuwa amesomea uchoraji London na Paris, alirudi nyumbani mwaka 1922 akaanza kufundisha katika shule za mji huo. Alifundisha kwa mtindo wa Ulaya: vipimo vya mwili, kivuli na mwanga, na namna ya kuchora barabara ili ionekane inakwenda mbali. Ni yeye aliyeishawishi serikali ya kikoloni ilete mwalimu mwingine wa sanaa, na mwaka 1927 akaletwa Kenneth Murray. Lakini Murray alitaka kinyume chake: wanafunzi wafinyange udongo, wachonge, wachore maisha ya vijijini mwao. Kwa Onabolu, picha ya mtu iliyochorwa sawasawa kwa rangi za mafuta ilikuwa jibu kwa wakoloni waliodai kwamba Mwafrika hana uwezo huo. Kwa Murray, picha hiyo hiyo ilikuwa dalili ya kijana aliyeng'olewa kwao.

Nimeanza na visa hivi kwa sababu siku hizi ni rahisi mno kusema, "Turudi kwenye falsafa zetu." Anayelisema neno hilo ni nani, na anawarudisha wanafunzi kwenye nini? Akiwarudisha kwenye picha za kale peke yake, amewabadilishia tu kitu cha kunakili. Mwanafunzi anaweza kunakili sura ya Krishna au kinyago cha Kiyoruba bila kufikiri hata kidogo, kama alivyonakili pua ya Mgiriki. Kilicho muhimu zaidi ni ile namna ya kufikiri iliyoizaa kazi yenyewe, nayo haionekani kwa macho.

Tuanze na India. (Mwanafunzi wa Kiswahili, angalia tofauti: Kihindi ni cha nchi ya India na watu wake, au lugha yake mojawapo, Kihindu ni cha dini. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mhindu.)

Kalidasa, mshairi mkubwa wa Kisanskriti, ana tamthilia inayomhusu mfalme Agnimitra. Mfalme anaiona picha ya msichana Malavika na kupendezwa nayo. Baadaye anamwona msichana mwenyewe na kutambua kwamba picha haikumfikia. Hailaumu brashi wala mkono wa mchoraji. Anasema kuwa mchoraji alilegea katika umakini wake, na neno analolitumia ni samadhi, lile lile linalotumiwa kwa kilele cha kutafakari katika yoga. Fikiria mfalme huyo angekuwa mwalimu wa sanaa: asingeandika "mkono huu mfupi" pembeni mwa karatasi, angeuliza, "Ulipokuwa ukichora, ulikuwa wapi?"

Hilo halikuwa fumbo la washairi tu. Katika mapokeo ya ufundi wa sanamu za mahekalu kulikuwa na beti za kutafakari, zilizoeleza mungu fulani ana mikono mingapi, ameshika nini, ana rangi gani, ameketi vipi. Fundi alizihifadhi moyoni, akatuliza mawazo, akaiona sura nzima ndani yake kabla ya kuligusa jiwe. Kutafakari kulikuwa hatua ya kazi, kama kunoa patasi.

Wazo la pili ni rasa. Maana yake ya asili ni utomvu au ladha, na linafafanuliwa katika Natyashastra, kitabu cha kale cha tamthilia kinachohusishwa na Bharata. Kitabu hicho kinataja ladha nane za sanaa, miongoni mwazo upendo, kicheko, huzuni, ghadhabu na ushujaa. Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kashmir aliyeishi karibu na mwaka 1000, alitetea ladha ya tisa, yaani utulivu. Alieleza pia jambo linalonivutia kuliko hesabu hiyo: huzuni ya jukwaani si huzuni yangu wala yako. Imevuliwa mwenyewe wake, ndiyo maana twaweza kuionja bila kuangamia. Lakini mwonjaji sharti awe na moyo uliofinyangwa vizuri, moyo unaofanana na wa msanii. Basi hata anayeitazama picha ana kazi ya kufanya.

Sasa tuvuke bara hadi nchi ya Wayoruba, kusini magharibi mwa Nigeria. Huko wana maneno mawili yanayostahili kukaa ubaoni katika kila darasa la sanaa: oju ona na oju inu. Oju ni jicho. Oju ona ni jicho la usanii, lile linalojua mstari unyooke vipi na nafasi igawanywe vipi. Oju inu ni jicho la ndani, linalotambua kiini cha mtu au kitu kabla ya kukipa umbo. La kwanza bila la pili humfanya mtu fundi hodari asiye na la kusema.

Wayoruba husema pia kwamba iwa ndiyo uzuri. Kwa kawaida tunatafsiri iwa kuwa tabia, na msemo wetu kwamba uzuri ni tabia, si sura, unakaribia sana. Hata hivyo iwa ina kina zaidi, maana inatokana na kitenzi cha kuwa: iwa ni kule kuwako kwa kitu kama kilivyo. Kigoda kikikalika, kikisimama imara, kikionyesha ukigoda wake, kina iwa, kwa hiyo kina uzuri.

Tena kuna ori, kichwa. Masimulizi yao yanasema kwamba mbinguni yuko mfinyanzi aitwaye Ajala, naye hufinyanga vichwa. Kila mtu, kabla ya kuja duniani, huenda kuchagua chake. Vingine vimeiva vizuri motoni, vingine vina nyufa, lakini kwa nje havitofautiani. Ndiyo sababu katika sanamu nyingi za Kiyoruba kichwa ni kikubwa kupita kipimo cha mwili. Mwalimu wa enzi za ukoloni angekata alama kwa kosa la vipimo, kumbe mchongaji alikuwa amepima kitu kingine.

Usidhani kwamba mambo hayo yalikuwa siri ya wachongaji. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Robert Farris Thompson alipita katika miji na vijiji vya Wayoruba akiwaomba watu wahukumu kazi za kuchonga. Walihukumu kwa sababu zinazoeleweka: kazi ifanane na mtu kwa kiasi, isizidi wala isipungue, imwonyeshe katika ubora wa ujana wake, iwe wazi, ing'ae, iwe na utulivu. Kumbe shule ya kuhakiki sanaa ilikuwapo barazani.

Kwa maoni yangu falsafa hizi mbili hazifai kuchanganywa chungu kimoja. Ile ya Kihindu humvuta msanii ajisahau katika kile anachokitafakari. Ile ya Kiyoruba humrudisha kila mara kwa watu wake na kumuuliza kazi yake ina tabia gani. Zinakutana mahali pamoja tu: zote mbili zinakataa kuanzia mkononi.

Je, shule ziliweza kulifanya hilo kuwa somo? Rabindranath Tagore alianzisha shule yake Santiniketan, mashambani mwa Bengal, mwaka 1901. Ukoo wake ulikuwa wa vuguvugu lililotaka kuusafisha Uhindu kwa kurejea kwenye Upanishad, na wanafunzi wake walisoma chini ya miti. Mwaka 1919 ilifunguliwa hapo Kala Bhavana, idara ya sanaa, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Nandalal Bose. Nandalal hakuanza na picha za miungu. Aliwapeleka wanafunzi nje, watazame mti mmoja, mbuzi mmoja, mwendo wa mwanamke aliyebeba mtungi, mpaka kilichotazamwa kiwe ndani ya mtazamaji. Hapa lile agizo la zamani la kutafakari lilipata maisha mapya, kwa sababu kila mmoja alipaswa kutafuta mwenyewe cha kutafakari.

Na mlango ulipanuliwa. Ufundi wa kale ulirithiwa katika koo na matabaka. Santiniketan wasichana walisoma pamoja na wavulana, na Ramkinkar Baij, mtoto wa ukoo wa vinyozi, alikuja kuwa mchongaji mashuhuri. Mwaka 1938 alitengeneza kwa saruji na kokoto sanamu ya familia ya Wasantali walio safarini. Watu wa kabila lililodharauliwa walipewa ukubwa ambao zamani walipewa miungu.

Mwenzake, Benode Behari Mukherjee, alizaliwa na macho dhaifu. Mwaka 1946 na 1947 alichora ukutani, katika jengo la Hindi Bhavana hapo hapo Santiniketan, maisha ya watakatifu-washairi wa India, bila kuhamisha ukutani mchoro uliopimwa kwanza karatasini. Miaka kumi hivi baadaye, baada ya upasuaji wa macho, akawa kipofu kabisa. Hakuacha. Alikata karatasi za rangi, alifinyanga kwa kupapasa, alifundisha, na mwaka 1972 akakamilisha picha ya vigae ukutani. Mwaka huo Satyajit Ray, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alitengeneza filamu fupi juu yake. Jina la filamu hiyo, ukilitia katika Kiyoruba, ni oju inu.

Mwananchi wa India hukutana na darasa hilo mahali pengine asipopatarajia. Katiba ya nchi yake, iliyopitishwa Novemba 1949, iliandikwa kwa mkono, na kurasa zake zikapambwa na Nandalal na wanafunzi wake kwa mandhari ya historia, tangu mihuri ya bonde la Indus hadi harakati za uhuru. Sijui hati nyingi za sheria zilizopita mikononi mwa wanafunzi wa sanaa!

Upande wa Wayoruba njia ilikuwa na mikato mingi. Lamidi Fakeye, mtoto wa ukoo wa wachongaji, alikuwa mwanagenzi wa George Bandele katika karakana iliyofunguliwa na mapadre Wakatoliki huko Oye-Ekiti mwaka 1947. Baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha Ife. Osogbo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulifanyika warsha za muda mfupi chini ya Ulli Beier na Georgina Beier, zikawatoa wasanii kama Twins Seven-Seven na Jimoh Buraimoh. Kazi zao zilipendwa sana ng'ambo, ingawa wasomi wa sanaa wa Nigeria walihoji, nami nadhani kwa haki, kama siku chache za kupaka rangi kwa uhuru zinatosha kuitwa elimu. Jicho la ndani nalo huhitaji kunolewa. Mwaka 1989 walimu na wasanii wa Ife waliunda kundi la Ona, wakajifunza pia kwa akina mama wazee wanaopaka kuta za madhabahu kwa rangi za udongo. Safari hii hakuna afisa aliyewaamuru.

Chemchemi hiyo ilitiririka hadi kwetu. Es'kia Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa klabu ya Mbari mjini Ibadan, alihamia Nairobi mwaka 1963 akaanzisha kituo cha utamaduni, na jina alilokipa ni hilo hilo, Chemchemi. Alifanya kazi naye mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, mtu anayejulikana kwa kukataa katakata msanii anakili kazi ya mwingine. Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua jumba lao la sanaa, Paa ya Paa. Hapo, mwanafunzi, kuna zoezi zuri la lugha: paa mmoja ni mnyama, jamii ya swala, paa mwingine ni kitenzi, kwenda juu angani. Sarufi ya jina hilo imepindishwa kidogo kwa makusudi, nami nisingeisahihisha. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwamo mwaka 1997, kituo kikaendelea.