Mlolongo Mfupi Ulioshinda

Vijana wakinilalamikia kwamba wabunge hawasikii, huwakumbusha mchujo wa Februari 1988 wa KANU, chama pekee cha siasa Kenya wakati huo. Kura tulipiga kwa miguu. Mawakala waliinua picha za wagombea, nasi tukajipanga nyuma yao mchana kweupe, chifu akitutazama. Mama yangu alisimama nyuma ya mgombea asiyemtaka kabisa, kwa kuwa mwenye shamba alilokodi alikuwa kwenye mstari huohuo. Aliyevuka asilimia 70 alipita bila kupingwa. Kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi haikumgusa. Tena sehemu nyingi mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi. Ungekata rufaa kwa ushahidi gani? Watu wakishatawanyika, hakuna karatasi ya kuhesabu upya.

Hasira tuliyobaki nayo haikupotea bure. KANU iliuacha mlolongo mwaka 1990, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa 1991, na Desemba 1992 tukachagua kati ya vyama vingi.

Viongozi bora bado tunawatafuta, lakini sasa hakuna anayetuchungulia kibandani. Basi kijana, usiiuze siri hiyo kwa noti ya mia mbili na pakiti ya unga.